Ghorofa Linapokuja Mtaani: Pingeni Majitaka, Msipinge Wapangaji

Tangu mtaa wetu hapa Ilemela, Mwanza, uvutane na mwekezaji aliyetaka kuinua majengo matatu ya ghorofa sita kwenye kiwanja kilichokuwa na nyumba moja ya zamani na miembe, watu wa mitaa mingine wamekuwa wakiniuliza tulifanyaje. Wengi huanza kwa kusema wanataka kuzuia kabisa. Nami huwauliza: mnazuia nini hasa?

Nauliza hivyo kwa sababu Mwanza inajaa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 2.77 mkoa mzima. Ya 2022 ikahesabu milioni 3.7. Hao zaidi ya laki tisa walioongezeka wanalala mahali. Wengi wamepanda milimani, Igogo, Mabatini na kwingineko, wakajenga katikati ya mawe ambako gari halifiki na mgonjwa hubebwa mgongoni. Anayesema ghorofa lisijengwe sehemu yenye barabara na umeme aseme pia watu hao waende wapi.

Mkutano wetu wa kwanza wa mtaa ulikaribia kuharibika kwa sababu hatukuwa tumejiuliza tunazuia nini. Mzee mmoja alisema wapangaji wataleta wizi. Mwingine akasema tutazoea vipi kuishi na watu tusiowajua. Ndipo dada mmoja, muuguzi anayepanga chumba na sebule hapo mtaani, akanyoosha mkono: "Shikamooni wazee wangu. Huyo mpangaji mnayemsema ndiye mimi. Kodi nalipa ya miezi sita kwa mkupuo, na chumba chenyewe nilikitafuta kwa shida. Nyumba zikikataliwa, mnataka nikapange wapi?" Mwenyekiti alimshukuru, na hakuna aliyemjibu. Ukitazama waliokaa kwenye yale mabenchi, sehemu kubwa walikuwa wapangaji kama yeye.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: msiwaguse watu. Ni jambo la utu, na pia mkiwagusa mnaupasua mtaa kabla hamjafika ofisi yoyote. Tena hakuna sheria inayomruhusu afisa mipango miji kukataa jengo kwa sababu watakaolikalia ni wapangaji.

Kinachopingika ni kile kinachopimika, na kwetu kilikuwa majitaka.

Anayejenga Mwanza anajua habari ya mwamba. Udongo ni kiasi tu, chini yake jabali. Michoro ya mwekezaji ilionyesha makaro na mashimo ya kufyonza yamepangwa upande wa chini wa kiwanja, juu kidogo ya nyumba za majirani, mbili kati yake zina visima. Kwenye karatasi ilipendeza. Fundi mmoja wa mtaani ambaye amechimba vyoo vingi eneo hilo alitazama akasema, "Hapa futi nne unagonga jiwe. Hayo maji yatafyonzwa na nini?" Hatukubishana naye wala kumsifia, tulimpa sururu. Alichimba shimo kwenye uwanja wa jirani anayepakana na kiwanja kile, akagonga mwamba kabla hajazama kiunoni. Jioni tukamimina maji ndoo kwa ndoo mpaka likajaa. Asubuhi maji yalikuwa yamepungua kama kiganja tu. Tulipiga picha na futi ikiwa imesimamishwa ndani ya shimo. Picha ile ilifanya kazi kuliko hotuba zote tulizotoa.

Fikiria sasa familia zaidi ya sitini zinaoga, zinafua na kwenda chooni juu ya jabali lile. Maji hayafyonzwi, yatatafuta mtelemko: uani kwa jirani, kwenye mtaro, kisha ziwani. Na ziwa hilohilo ndilo tunalovuta maji Capri Point na Butimba tukayatibu tukanywa. Kipindupindu cha 2015 kilifika Mwanza, hatuhitaji kuelezwa na mtu maana ya majitaka yanayozagaa. Hapo hoja yetu ilitoka kwenye "hatutaki ghorofa" ikawa "jengo hili liungwe kwenye bomba la majitaka, au lipunguzwe". Na haikuwa ndoto. Mwanza hii hii, mabomba membamba ya majitaka yamelazwa kati ya mawe kwenye baadhi ya makazi ya milimani. Kama yamewezekana huko, mwenye fedha za ghorofa sita anaweza kuvuta bomba mpaka lilipo kuu.

Upande wa sheria nitapita haraka, lakini msiupuuze. Sheria ya Mipango Miji ni ya 2007: hakuna kuendeleza ardhi mjini bila kibali, na kiwanja cha nyumba moja hakigeuki kuwa cha maghorofa kimyakimya. Mabadiliko ya matumizi hutangazwa ili wenye pingamizi waseme, kwa hiyo mkiona tangazo, hata lililobandikwa penye majani, lipigeni picha siku hiyohiyo na mzihesabu siku zilizotajwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wanaoguswa wasikilizwe. Walio ufukweni wakumbuke pia kwamba sheria hiyo inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Waliosahau ziwa lilivyopanda 2020 wawaulize wenye nyumba za chini.

Kwenye kusikilizwa huko kuna jambo la kuangalia sana. Kijana alipita nyumba kwa nyumba na karatasi ya majina, simu na sahihi, juu yake haina maneno. Akasema ni mahudhurio. Mama mmoja wa genge aligoma: "Andika kwanza juu hapo nimekubali nini." Fanyeni kama yeye. Sahihi itolewe kwenye karatasi yenye maelezo na tarehe, na kila barua yenu ipelekwe nakala mbili, moja ibaki kwenu ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Muhtasari wa mkutano wa mtaa usainiwe na mwenyekiti na mtendaji, kisha diwani apewe wa kwake kabla ya vikao vya halmashauri. Barua isiyo na muhuri, kesho mtaambiwa haikufika.

Jiandaeni pia kuguswa ninyi wenyewe. Tulipolalamika kwamba barabara ni nyembamba, afisa alikuja na futi akapima. Kweli ilikuwa nyembamba, kwa sababu kuta za baadhi yetu zilikuwa zimeingia barabarani. Wawili walikubali kuvunja. Mmoja alinuna na mpaka leo hatusalimiani vizuri. Lakini bila hilo tusingekuwa na uso wa kudai barabara pana kwa mtu mwingine.

Mwishowe mwekezaji alishuka hadi ghorofa nne, akakubali kuvuta bomba la majitaka na kujenga mtaro wa mawe upande wa chini. Tulichokosa ni mandhari. Majirani wa nyuma walizoea kuliona ziwa kutoka barazani, sasa wanaona madirisha. Nawahurumia, na kusema kweli sikuona hoja ya kuwasaidia.

Msilale mkishakubaliana. Baada ya jengo kuporomoka Kariakoo Novemba 2024 kila mtu anaogopa ghorofa, na hofu hiyo ina kazi yake: angalieni kibao cha ujenzi kina jina la mkandarasi na mhandisi, na usajili wao mthibitishe kwenye bodi zao. Sisi tuliunda kamati ndogo, yule muuguzi akiwamo, na tukaomba kwa barua tuonyeshwe bomba limeungwa kabla halijafukiwa. Siku walipotuita tulikwenda na yule fundi wa vyoo. Aliomba maji yamiminwe juu, akashuka kwenye chemba ya chini kungoja, na alipoyaona yanapita ndipo tukasaini.