Maswali ya Wasomaji: Utabiri unasema ubaridi, mbona moshi nao unakuja?

Wiki hii karibu maswali yote yametoka kwa ndugu zetu wa Minnesota, Wisconsin na Illinois, na yote ni moshi wa misitu inayoungua Kanada. Nimechagua machache niyajibu kwa urefu maana hapa tunaongelea vifua vya watoto na wazee wetu.

SWALI: Habari za kazi. Niko Minneapolis, nyumba yetu haina AC. Niliona mwelekeo wa hali ya hewa unasema wiki mbili zijazo joto litakuwa chini ya wastani nikafurahi, nikasema tutalala madirisha wazi. Sasa jirani ananiambia nijiandae na moshi. Hivi si moto unataka joto? Ubaridi na moshi vinakujaje pamoja? (Mama wa watatu)

Mama, shikamoo, na jirani yako kasema kweli. Joto linalowasha misitu haliko kwenu, liko kule Kanada, majimbo ya Alberta, Saskatchewan na Manitoba. Kiangazi mgandamizo mkubwa wa hewa ukikaa juu ya maeneo hayo hewa inashuka, mawingu hayajengeki, msitu unakauka siku baada ya siku, afu radi ikipiga tu au mtu akizembea na moto, basi. Sasa mashariki yake, upande wenu wa Maziwa Makuu, mkondo wa upepo wa juu unapinda kushuka kusini, kwa hiyo upepo unaowafikia unateremka kutoka kaskazini magharibi, na huo ndo unaowaletea zile siku za nyuzi 74 za Fahrenheit wakati Julai ya kawaida mchana Minneapolis inafika kama 83. Ni upepo uleule mmoja, na kabla haujafika kwenu umeshapita juu ya moto.

Na kuna kitu kingine watu wengi hawakijui. Moshi unaweza kupita juu sana, kilomita kadhaa, anga ikawa nyeupe-nyeupe tu na chini mkapumua vizuri, lakini hewa baridi ikiingia kwa nguvu, nyuma yake hewa ya juu inashuka, na moshi unashuka nayo mpaka usawa wa pua. Ndo maana mara nyingi moshi mbaya unafika saa chache baada ya upepo kugeuka, wakati ambapo kila mtu anakimbilia kufungua madirisha apate hewa! Moshi ukiwa mzito unazuia na jua, mchana unazidi kupoa kwa nyuzi kadhaa.

Yaani haya si ya kudhani. Juni 2023 mgandamizo mdogo wa hewa ulikaa karibu na pwani ya kaskazini mashariki ya Marekani ukawa unavuta hewa yenye moshi ya Quebec, Kanada, kwenda kusini, tarehe 7 anga ya New York ikawa rangi ya chungwa mchana. Tarehe 27 ikawa zamu ya Chicago, hewa yake siku hiyo ikahesabiwa mbaya kuliko ya miji mikubwa yote duniani. Mwaka ule Kanada iliungua zaidi ya hekta milioni 15.

Kwa hiyo mama usiku ukiwa wa baridi, angalia kwanza AirNow (tovuti na apu ya serikali ya Marekani inayoonyesha usafi wa hewa kwa namba na rangi) ndo ufungue dirisha. Ikiwa kijani fungua yote, lala.

SWALI: Asubuhi jua lilikuwa jekundu kabisa, apu inasema kijani. Jioni anga safi, apu inasema chungwa. Mwanangu ana mechi na ana pumu, niamini nini? (Baba, Chicago)

Kaka amini kipimo, jicho linadanganya. Jua jekundu ni moshi ulioko juu. Kinachoumiza ni chembe za chini, zile za PM2.5, ambazo upana wake hauzidi maikromita 2.5, unywele wa mtu ni mnene kama mara 30, ndo maana zinapita puani bila kuzuiwa zinafika ndani kabisa ya mapafu. Rangi ya chungwa ni namba 101 mpaka 150 kwenye kipimo cha usafi wa hewa, hapo mtoto mwenye pumu apunguze kukimbia, apumzike mara kwa mara na inhela iwe mfukoni mwa mtu aliyepo uwanjani, sio kwenye begi ndani ya gari. Ikifika 151, nyekundu, mechi iahirishwe kwa watoto wote, na kama kocha anabisha mtoe wako. Najua inauma kumkatalia mtoto mechi lakini nakuomba usimwonee aibu kocha kwenye hili.

Kwenye ramani ya moto na moshi ya AirNow utaona pia vimraba vidogo, hivyo ni vipimo vya bei nafuu ambavyo watu wamefunga majumbani, tafuta kilicho karibu na uwanja kuliko kutegemea namba ya jiji zima.

SWALI: Huo mwelekeo wa hali ya hewa hauwezi kutuambia moshi utaisha lini?

Hauwezi. Ramani ya mwelekeo huo, ya siku 8 mpaka 14 zijazo, inatoa uwezekano tu, bluu ya asilimia 50 maana yake kuna nusu ya uwezekano joto liwe chini ya wastani wa 1991 hadi 2020, haisemi kwa nyuzi ngapi na moshi haimo kabisa. Moshi unatabirika vizuri kwa siku moja au mbili hivi. Kwa jumla tegemea uje na kuondoka mpaka vuli, kiangazi kikiisha, maana mvua ikinyesha kwenu inasafisha hewa ya kwenu tu, moto uko Manitoba.

SWALI: Barakoa za kitambaa tulizonazo zinatosha? Na ndani tufanyeje bila hela ya mashine?

Kitambaa hakizuii chembe hizi, tafuta N95 (barakoa maalum ya kuchuja chembe ndogo) na ikae vizuri usoni. Ndani, nunua filta ya MERV 13 (hiyo namba ni kipimo cha uwezo wa filta kunasa chembe ndogo) ya saizi ya feni ya sanduku, ile ya mraba, ibandike kwa tepu nyuma ya feni pale inapovuta hewa, ule mshale kwenye ukingo wa filta uelekee feni. Iwekeni chumba mnachokaa wote, madirisha yamefungwa, msikaange wala kuchoma udi humo. Msiiache inazunguka mkiwa mmelala au mmetoka. Filta inaanza nyeupe, ikishakuwa ya kijivu yote badilisha.