NFL ya mtoano: usibeti timu, beti namba

Januari ikiingia huku Marekani na mtoano wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, ukianza, simu yangu haitulii. Wananipigia jamaa wa hapa Columbus, wa Dallas, mpaka mdogo wangu wa Dar anayekesha kuangalia mechi saa kumi za usiku, na wote wana swali moja tu, kaka leo nani anashinda? Na mimi kila mwaka nawauliza hilohilo, namba ni ngapi? Kwa sababu kwenye spredi mtu anaweza kuijua timu itakayoshinda, ikashinda kweli, na hela bado ikaenda na maji.

Kwa ambao hawajaizoea, spredi ni handikapu ileile mnayoiona kwenye soka. Kampuni ya kubeti inasema Rams wa Los Angeles wanatoa pointi 4 na nusu, maana yake ukiwachukua Rams lazima washinde kwa 5 au zaidi, ukichukua wapinzani wao, yaani wanaopewa pointi, unakula hata wakifungwa kwa 4. Super Bowl, yaani fainali, ya Februari 2022 Rams walimfunga Cincinnati 23-20, kombe wakabeba, na waliobeti Rams na spredi yao wakatoka mikono mitupu huku wa Cincinnati wanachukua chao. Ndo maana nasema namba kwanza.

Sasa kwenye NFL namba zote haziko sawa na hapa ndo naomba utulie tuelewane. Fildigoli, mpira kupigwa teke ukapita katikati ya nguzo, ni pointi 3, tachidauni, kuufikisha mpira mwisho wa uwanja, ni 6 na teke lake la nyongeza 1, jumla 7, kwa hiyo gemu nyingi zinaisha kwa tofauti ya 3 kuliko namba nyingine yoyote, halafu inafuata 7, na 6 na 10 nazo zipo zipo. Tofauti ya 5 au ya 9 ni nadra zaidi. Kwa hiyo kutoa 2 na nusu na kutoa 3 na nusu ni vitu viwili tofauti kabisa japo kwa macho ni pointi moja tu, lakini kutoka 4 na nusu kwenda 5 na nusu mara nyingi huumii sana. Mimi timu ikiwa inatoa 3 na nusu, hata niipende vipi, nasubiri kwanza nione kama itashuka ikae 3, isiposhuka naangalia upande wa pili au naiacha. Na ikiwa inapewa pointi, naitaka 3 na nusu au 7 na nusu, ile nusu ya juu ndo inayokuokoa kwenye fildigoli ya dakika ya mwisho.

Nasema "mara nyingi" kwa sababu kuna siku moja ambayo mashabiki wa Minnesota hawataisahau, na wabetiji hawataisahau zaidi. Tarehe 14 Januari 2018, Vikings, timu ya Minnesota, wapo nyumbani Minneapolis wanacheza na Saints wa New Orleans, kampuni nyingi zilikuwa zinawapa Vikings mzigo wa kutoa 5 na nusu. Zimebaki sekunde 10, Saints wanaongoza 24-23, kwotabeki wa Vikings, yaani mrusha mpira wao, Case Keenum anarusha mpira pembeni, mwenzake Stefon Diggs anaudaka juu, beki wa Saints anamkosa anapita chini yake, Diggs anageuka hakuna mtu mbele yake anakimbia mpaka mwisho, yadi 61, muda umekwisha, 29-24. Uwanja mzima umepasuka kwa kelele. Lakini sheria ya wakati ule ilikuwa inadai lazima teke la nyongeza lipigwe hata kama muda umeisha, kwa hiyo Saints waliokuwa wameshaingia ndani wakaitwa warudi uwanjani, wakaja wachache wachache, mpiga teke wao Thomas Morstead akiwa mmojawapo, wamejipanga pale kwa heshima tu. Vikings wangepiga lile teke ingekuwa 30-24, tofauti 6, waliotoa 5 na nusu wanakula. Keenum akapokea mpira akapiga goti, teke halikupigwa. Basi, tofauti ikabaki 5. Aliyeshika 5 na nusu kalia, aliyeshika 5 kamili karudishiwa hela yake, na waliowachukua Vikings mapema namba ikiwa bado chini wakala, gemu ileile timu ileile. Mwaka huohuo NFL wakaibadilisha sheria, siku hizi gemu ikiamuliwa na tachidauni ya sekunde ya mwisho hakuna teke tena.

Kwa hiyo muda unaochukua ile namba una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Namba zinatoka Jumapili usiku mara tu gemu za wiki ile zikiisha, halafu zinacheza wiki nzima. Watu wa kawaida wanabeti Jumamosi na Jumapili asubuhi na wengi wao wanapenda timu kubwa, timu inayotoa pointi, timu yenye kwotabeki wa kwenye matangazo. Ukitaka timu inayotoa pointi mara nyingi ni bora uwahi, ukitaka inayopewa unaweza kuvuta subira. Na usiwe na kampuni moja, weka apu mbili au tatu kwenye simu, hapa Ohio imeruhusiwa tangu tarehe 1 Januari 2023 na kampuni ni nyingi, utakuta huku 3 na kule 3 na nusu kwa gemu hiyohiyo dakika hiyohiyo, sokoni huwezi kununua nyanya kwenye meza ya kwanza bila kuuliza ya jirani, sasa kwenye hela yako kwa nini usiulize? Ndugu zangu wa Texas najua kwenu haijaruhusiwa, nawasihi msipeleke hela kwa wale wanaopokea mitaani au tovuti za visiwani, siku ukishinda kubwa hujui utamdai nani.

Mwaka 1979 kwenye Super Bowl ya Pittsburgh Steelers na Dallas Cowboys namba ilianza Steelers wanatoa 3 na nusu, hela zikamiminika ikapanda mpaka 4 na nusu. Steelers wakashinda 35-31. Tofauti 4! Waliochukua Steelers mapema wakala, waliochukua Cowboys mwishoni wakala, Las Vegas kampuni zikalipa pande zote mbili. Haitokei kila mwaka lakini inaonyesha nguvu ya hiyo pointi moja.

Haya tuje kwenye timu zenyewe. Mtoano una timu 14 tangu msimu wa 2020, saba kutoka kila upande wa ligi maana ligi ina pande mbili, na mmoja tu kila upande anapumzika wikendi ya kwanza. Gemu zote jumla 13. Timu zote zilizofika hapo zinajua mpira, kwa hiyo rekodi ya msimu usiiangalie sana, angalia nani yupo mzima SASA. Na watu wanapoangalia majeruhi wanaangalia kwotabeki na wadakaji, kumbe pa kuangalia ni wale wanene wa mbele wanaomlinda kwotabeki. Super Bowl ya Februari 2021 Kansas City walikuwa wanatoa 3 kwa Tampa Bay, wana kwotabeki Mahomes, kila mtu anawataka. Lakini walinzi wao wa pembeni wote wawili wa kikosi cha kwanza, Eric Fisher na Mitchell Schwartz, hawapo, Fisher ameumia gemu iliyotangulia. Mahomes usiku ule alikimbia kuokoa maisha yake tangu mwanzo mpaka mwisho, Tampa wakashinda 31-9, Kansas City hawakupata hata tachidauni moja. Ile habari haikuwa siri, ilikuwepo kwenye ripoti wiki mbili nzima, na namba ilikaa kwenye 3.

Detroit nao Januari 2025. Wameshinda 15 wamefungwa 2, wapo nyumbani, wanatoa zaidi ya 9 kwa Washington yenye kwotabeki wa mwaka wa kwanza, Jayden Daniels. Ukitazama rekodi unasema hii ni hela ya bure. Ukitazama ripoti ya majeruhi unaona difensi yao, safu ya ulinzi, imebomoka, Aidan Hutchinson alivunjika mguu tangu Oktoba na wengine wengi wakamfuata. Washington wakaweka pointi 45, Detroit wakapoteza mpira mara tano, 45-31 wakatolewa. Sisemi ningekuambia Washington watashinda, nasema timu yenye difensi mbovu kutoa zaidi ya 9 kwenye mtoano ni bei ghali mno, hapo ama unachukua pointi ama unakaa pembeni.

Ripoti za majeruhi zinatoka Jumatano, Alhamisi na Ijumaa kwa gemu za Jumapili, za Jumamosi zinatangulia siku moja, na orodha ya wasiocheza inatoka dakika 90 kabla ya gemu. Mtu ambaye hakufanya mazoezi siku zote tatu halafu kocha anasema "tutaona", mimi namhesabu hayupo.

Hali ya hewa watu wanaikuza. Baridi peke yake haizuii pointi, Buffalo Januari 2022 walicheza na New England kwenye baridi ya kama nyuzi 14 chini ya sifuri wakashika mpira mara saba wakapata tachidauni saba mfululizo, 47-17. Upepo ndo wa kuogopa, ukiwa mkali mpira wa mbali haurushiki na teke linapeperuka, na hapo timu inayotoa pointi nyingi inapata shida kuzifikisha. Uwanja wa nyumbani zamani watu walikuwa wanauhesabia pointi 3, siku hizi ni pungufu ya hapo, na kampuni zimeshauweka ndani ya namba, usiuhesabu mara ya pili.

Kitu kingine ninachokifanya, kabla sijagusa spredi najiuliza kwanza hii gemu nani anashinda, basi. Kwenye mtoano namba nyingi ni ndogo na mara nyingi anayeshinda gemu ndo huyohuyo anayeivuka spredi. Kama naona timu inayopewa pointi haiwezi kabisa kushinda, nasita kuichukua kwa ajili ya pointi 4 tu. Na kama naona inaweza kushinda, sizikatai zile pointi. Januari 2024 Dallas hawakuwa wamefungwa nyumbani msimu mzima, wanatoa kama 7 kwa Green Bay Packers, timu ya saba iliyoingia kwa mlango wa nyuma. Waliowachukua Packers hawakuzihitaji hata zile pointi, 48-32, na Dallas walipata pointi nyingi za mwishoni gemu ikiwa imeshakwisha.

Hela sasa, na hapa naongea na wewe kama ndugu maana nimewaona watu wanaharibu kodi ya nyumba Januari hii hii. Bei ya kawaida unaweka dola 110 upate faida 100. Ile kumi ndo chakula cha kampuni, na kwa sababu yake lazima upatie zaidi kidogo ya asilimia 52 ndo usipate hasara. Chukua gemu zote 13 kwa dola 110 kila moja, ukipatia 7 ukakosa 6 umepata dola 40. Ukipatia 6 ukakosa 7 umepoteza 170. Gemu moja tu imekutoa huku ikakutupa kule. Kwa hiyo usibeti gemu zote 13, mimi wikendi ya kwanza yenye gemu sita nachagua mbili, tatu zikizidi, na kila moja naiwekea kiwango kilekile, asilimia moja au mbili ya hela niliyoitenga kwa msimu, hela ambayo hata ikiisha yote watoto wanakula na nyumbani natuma kama kawaida. Na mikeka ya timu nne tano pamoja achana nayo, najua inavutia ukiona dola 10 inaleta 200, lakini ile kumi ya kampuni inajirudia kwenye kila timu unayoongeza. Ukiona umeanza kubeti ili kurudisha ya jana, funga apu na upige 1-800-GAMBLER, namba ya msaada kwa waliozidiwa na kamari, ni bure na hawakuulizi makaratasi, kwa wanaume wa kwetu hili ni gumu kulisema lakini liseme.

Super Bowl yenyewe ina wiki mbili za kusubiri na ndo namba inayochezewa na watu wengi kuliko zote, mpaka shangazi asiyejua tachidauni anaweka dola tano. Nafasi nzuri iko siku mbili za mwanzo au masaa ya mwisho kabisa, katikati ni kelele za televisheni. Na kumbuka tangu 2022 muda wa nyongeza kwenye mtoano kila timu inapata mpira, kwa hiyo gemu ya sare haiishi tena kwa tachidauni ya timu iliyoanza na mpira kama New England walivyomalizia Atlanta 34-28 mwaka 2017. Februari 2024 San Francisco walianza na fildigoli, Kansas City wakajibu na tachidauni, 25-22. Tofauti? Tatu.