Sumaku Haikaririki, Ishike Kwanza

Nikiwa kidato cha pili niliandika kwenye mtihani kwamba ncha zinazofanana za sumaku husukumana. Mistari michache chini yake nikaandika kwamba ncha ya kaskazini ya dira huelekea kaskazini kwa sababu huko ndiko iliko ncha ya kaskazini ya sumaku ya dunia. Yote mawili nilikuwa nimeyakariri, wala sikuona kwamba yanagombana. Ingekuwa hivyo, sindano ya dira ingeikimbia kaskazini.

Ukweli ni kwamba upande wa dunia tunaouita kaskazini, kisumaku una ncha ya kusini, na ndiyo inayoivuta ncha ya kaskazini ya sindano. Ni jambo la sentensi moja. Mimi nilikuja kulielewa nikiwa mtu mzima, nilipokaa barazani hapa Malindi na mtoto wa kaka yangu, naye yuko kidato kilekile na anakariri vilevile. Tuliweka daftari pembeni kwa jioni kadhaa. Ninayoyaandika hapa ni tuliyoyafanya, na ningependa kila mwanafunzi anayeanza mada hii ayafanye kabla hajapigia mstari chochote kitabuni.

Kwanza tafuta sumaku, na si lazima ununue. Nenda kwa fundi wa redio, umwamkie, umwombe spika iliyochanika. Karatasi ya mbele ikishaharibika spika haina kazi kwake, lakini sumaku ya nyuma bado ni nzima: duara jeusi lenye tundu katikati. Ibandue taratibu, maana ni dhaifu kama kigae. Yetu iliponyoka siku ya kwanza ikaanguka sakafuni, ikawa vipande viwili.

Mtoto aliinama kuviokota ili aviunganishe, na hapo ndipo somo lilipoanza. Vipande vilikataa. Alivisogeza palepale vilipovunjikia, ufa kwa ufa, vikasukumana mpaka kimoja kikateleza pembeni. Akageuza kimoja juu chini, vikarukiana kwa kishindo na kumbana kidole. "Shangazi, vimeharibika?" Havikuharibika. Sumaku ya spika haina ncha zake mwishoni kama ile fimbo ya kwenye picha za vitabu. Ncha ziko kwenye nyuso zake mbili bapa, kaskazini upande mmoja, kusini upande wa pili. Ikivunjika, kila kipande kinabaki na uso wa kaskazini na uso wa kusini. Ukivilaza ubavu kwa ubavu kama vilivyokuwa, kaskazini imekaa jirani na kaskazini, ndipo vinapokataana. Mwanafunzi aliyebanwa kidole namna ile hawezi tena kukuandikia kwamba ukiikata sumaku katikati utapata ncha moja peke yake.

Vitabu husema nyunyiza unga wa chuma juu ya karatasi. Sisi wa Malindi tuna bahati, kwani unga huo tunaukanyaga. Mto Sabaki unashusha madini kutoka bara, na ufukweni utaona michirizi ya mchanga mweusi iliyotengwa na mawimbi. Tulikwenda maji yalipokupwa, sumaku ikiwa ndani ya nailoni ya mkate, tukaiburuta penye mchanga mkavu. Chembe nyeusi zilisimama juu ya nailoni kama miiba ya nungunungu. Si chembe zote nyeusi zilizoshika. Zinazoruka upesi ni za magnetiti, madini yenye chuma, na nyingine huvutwa kidogo sana. Nailoni usiisahau. Mchanga ukigusa sumaku yenyewe utaupangusa wiki nzima. Ukiwa na nailoni, unachomoa sumaku na chembe zote zinaanguka ndani ya kopo.

Nyumbani tuliweka karatasi nyeupe juu ya sumaku, tukanyunyiza mchanga ule na kuigonga karatasi kwa ukucha. Juu ya sumaku chembe zilisimama wima kama nywele. Pembezoni zikalala na kupinda kurudi chini. Huo ndio uga wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu yake inafika. Kwenye mtihani utaambiwa uchore mishale inayotoka kaskazini na kuingia kusini. Ukishauona mchanga umejipanga wenyewe, mkono unachora bila kubabaika.

Baada ya hapo tuliazima dira ya nahodha mmoja jirani. Masharti yake yalikuwa makali: sumaku isiikaribie, kwa sababu sumaku yenye nguvu inaweza kuiharibu sindano hata ikageuka kinyume. Ana haki. Hata spika ya redio ikiwekwa karibu na dira chomboni inaivuta sindano, na chombo kikafuata njia siyo. Watu wa bahari waliitumia dira muda mrefu bila kujua kinachoivuta. Meli za Vasco da Gama zilipotia nanga hapa mwaka 1498 na kupata rubani wa kuzivusha hadi Kalikut, India, bado ilikuwa imebaki miaka mia na zaidi kabla William Gilbert wa Uingereza hajaandika, mwaka 1600, kwamba dunia yenyewe ni sumaku kubwa.

Dira tuliitaka kwa jaribio la Hans Christian Ørsted wa Denmark. Mwaka 1820 aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya unaopitisha umeme, na tangu siku hiyo umeme na sumaku havikuwa tena mambo mawili. Hapa wengi hukosea jambo dogo. Waya upitishe juu ya dira ukifuata mwelekeo wa sindano, kaskazini kwenda kusini. Ukiukatiza mashariki kwenda magharibi, sindano inaweza isicheze kabisa ukadhani betri imekufa. Gusisha waya kwenye betri ya tochi kwa sekunde moja au mbili tu. Sindano inageuka. Badilisha ncha za betri, inageuka upande wa pili. Pitisha waya chini ya dira, inabadilika tena. Sasa ushike waya kwa mkono wa kulia katika mawazo yako, kidole gumba kikielekea unakokwenda mkondo wa umeme: vidole vingine vinakuonyesha uga unavyouzunguka.

Lililotutesa ni sumaku-umeme, yaani chuma kinachogeuka sumaku umeme unapopita kwenye waya uliokizunguka. Fundi wa kusuka mota za feni alitupa waya mwembamba wa shaba. Tuliuzungushia msumari wa inchi nne mara 40, tukaunganisha betri, tukasogeza pini. Hakuna. Tukabadilisha betri. Hakuna. Mtoto alifumua waya wote akaanza upya, akizungusha kwa uangalifu huku amekunja midomo, na bado pini zikalala palepale. Tulilala na huzuni. Asubuhi nilirudi kwa fundi, naye hakusema neno. Alichukua kipande cha msasa akasugua ncha mbili za waya. Rangi ya kahawia ikatoka, ikabaki shaba inayong'aa. Waya ule umepakwa vanishi mwili mzima ili umeme usiruke kutoka mzunguko mmoja hadi wa jirani. Ncha usipozikwangua, betri inagusana na vanishi na mkondo haupiti. Kwa hiyo kwangua ncha zote mbili, kwa urefu wa ukucha, pande zote. Wembe pia unafaa, ila huukata waya upesi.

Msumari ulinyanyua pini saba. Tulipopunguza mizunguko hadi 20, ukanyanyua tatu. Zungusha upande mmoja tu mwanzo hadi mwisho, maana mizunguko inayokwenda kinyume hufutana. Betri ikipata joto, achia. Na soketi ya ukutani usiiguse kwa jaribio hili hata siku moja. Umeme ule unaua.

Tukiachia betri, pini zilianguka karibu zote. Tulipoweka bisibisi mahali pa msumari, pini mbili zikang'ang'ania hata baada ya umeme kukatika. Chuma laini hupata usumaku upesi na kuupoteza upesi. Chuma cha pua hukawia na huuhifadhi. Ndiyo maana ndani ya kengele ya umeme ya shule huwekwa chuma laini, la sivyo nyundo yake ingenata badala ya kurudi kugonga tena.

Jioni ya mwisho tuligeuza kibao: sasa sumaku ndiyo izalishe umeme. Tulizungusha waya mara 300 kwenye kiini cha karatasi ya chooni, ikawa koili, ncha tukaziunganisha na mita ya umeme yenye sindano, betri tukaiweka mbali. Mtoto akaingiza kipande cha sumaku ndani, akakiacha humo, akaikodolea mita. Imelala. "Mbona hakuna kitu, shangazi, na sumaku imo?" Nikamwambia aitoe. Mkono ulipotoka tu, sindano ikaruka. Akaingiza, ikaruka upande wa pili. Hivyo ndivyo alivyogundua Michael Faraday mwaka 1831: sumaku iliyotulia haizalishi umeme, mpaka sumaku au koili isogee mbele ya mwenzake. Mvuke wa ardhini wa Olkaria, kule Naivasha kunakozalishwa umeme, unafanya kazi hiyohiyo ya mkono wa mtoto, ila wenyewe unazungusha.

Aliendelea kuingiza na kutoa mpaka adhana ya magharibi. Kisha akaniuliza kuhusu mitambo ya sola ya Langobaya, maana aliiona akienda shamba na hakuna kinachozunguka pale. Nilifurahi kuliko angepata alama mia. Ni kweli, paneli haina sumaku wala koili. Mwanga wenyewe ndio unaosukuma elektroni ndani yake. Tumekubaliana kwamba likizo ijayo tutaanzia hapo.