Programu yangu inakula maktaba za watu

SWALI: Jambo yaya. Niko mu depo moja ya piesi za magari huku Kamalondo, tunatumika na AS/400 (kompyuta ya IBM), programu zetu ni za CL na RPG (lugha zake za kuandika programu). Ripoti yangu ya stoku inaanza na ADDLIBLE (kuongeza maktaba kwenye listi ambamo mashine inatafuta faili) ya maktaba STOKU, mwishoni inafanya RMVLIBLE (kuitoa). Kama STOKU iko tayari kwenye listi inatoka ujumbe wa kosa CPF2103, basi nikaweka MONMSG (komandi ya kukamata ujumbe) ya kuinyamazisha. Sasa watu wa kaunta wakimaliza ripoti, menyu yao inagoma, eti faili haionekani. Na ile ya usiku niliyoweka kwenye ratiba haiendi kabisa, lakini mchana nikiituma mwenyewe na SBMJOB (komandi ya kutuma jobu, yaani kazi ya mashine) inaenda vizuri. Shida iko wapi? (Msomaji, Lubumbashi)

JIBU: Mdogo wangu, hiyo MONMSG njo chanzo. CPF2103 ilikuwa inakuambia maktaba iko tayari, yaani mtu wa kaunta aliingia nayo toka asubuhi, wewe ukaifunga mdomo halafu mwishoni ukatoa maktaba ambayo hukuweka wewe, na listi ni ya jobu nzima si ya programu yako peke yake, kwa hiyo menyu inabaki bila STOKU. Weka variabo ndogo, tuseme &NILIWEKA, ianze na '1', na hiyo MONMSG ya CPF2103 iigeuze kuwa '0'. RMVLIBLE ifanyike tu kama bado ni '1'. Na weka MONMSG ya CPF0000 (inakamata makosa yote ya CPF) juu kabisa, baada ya DCL (mistari ya kutangaza variabo), iruke hadi sehemu ya usafi (penye RMVLIBLE), sababu programu ikifia katikati hakuna wa kurudisha kitu.

Lakini angalia, kuwepo kwenye listi haitoshi. Mashine inatafuta toka juu: maktaba za sistemu (zisizidi 15), za bidhaa (2), ya sasa (1), halafu za mtumiaji ambazo zinafika 250, na inasimama pale inapokuta jina la kwanza. STOKU ikiwa chini ya maktaba ya majaribio yenye faili ya jina lilelile, utasoma ya majaribio na hakuna kosa litakalotoka, hiyo njo naogopa kuliko menyu kugoma! Ukitaka mpangilio wako kamili, chukua listi ya mtu kwanza na RTVJOBA USRLIBL kwenye variabo ya herufi 2750 (250 mara 11, jina 10 na nafasi moja), panga yako na CHGLIBL, ukimaliza rudisha ya kwake. Tu usiiandike CHGLIBL LIBL(&LISTI), itaona kama jina moja refu, unganisha komandi yote kama maneno na uipitishe kwa QCMDEXC (programu ya kutekeleza komandi). Faili iliyokwisha kufunguliwa haitahama hata ukibadilisha listi, kwa hiyo fanya mbele ya kuita RPG.

Ya usiku ni rahisi. SBMJOB ina INLLIBL(*CURRENT), inabeba listi yako ya mchana. Ratiba haikujui, inachukua listi ya JOBD (maelezo ya jobu), na kama ni QDFTJOBD ya kawaida utapata maktaba QGPL na QTEMP basi. Tengeneza JOBD ya depo yenye maktaba zenu kwa mpangilio, ipe ile entri ya ratiba, na mstari wa kwanza wa programu ya usiku weka DSPLIBL OUTPUT(*PRINT), asubuhi utasoma kwenye spuli (ripoti za kuchapwa) ilianza na listi gani.