Chatu mchanga hajala wiki tatu: kagua nyumba kwanza, panya baadaye

Mkuu, nimeyasoma maelezo yako: chatu wa Afrika Magharibi (Python regius, wale wanaojiviringisha kama mpira wakiogopa), miezi mitatu, gramu 82, uko naye Columbus, Ohio. Tangi la kioo la lita 150, jiwe la umeme la kupashia joto katikati, kificho kimoja, na amemkataa panya mara tatu mfululizo. Wadau hapo juu wanakwambia ubadilishe chakula. Mimi nasema usimpe chochote kwa wiki moja, urekebishe kwanza anapoishi. Chatu wa umri huu akigoma kula, mara nyingi ana baridi au ana hofu.

Anza na hilo jiwe. Lichomoe leo hii. Ngozi ya tumbo ya nyoka haimtahadharishi vizuri na joto linalomuunguza, kwa hiyo hewa ikiwa baridi atalikumbatia jiwe mpaka aungue. Weka mkeka wa joto chini ya tangi, upande mmoja tu, usizidi theluthi ya sakafu, na uuunganishe na thamostati (kifaa kinachokata umeme joto likifika ulipopanga). Bila thamostati usiuwashe kabisa. Tatizo ni kwamba mkeka hupasha sakafu, haupashi hewa, na Januari ya Ohio hautatosha. Ongeza hita ya kauri ya juu isiyotoa mwanga, nayo iwe na thamostati yake na wavu wa kumzuia asiiguse. Sakafu ya upande wa joto isome nyuzi 31 hadi 33, upande wa baridi 25 hadi 27, na usiku kusishuke chini ya 24. Pima kwa kipimajoto cha bastola, kile unachoelekeza bila kugusa. Vile vya duara vya kubandika kwenye kioo vinapima joto la kioo, na vingi hudanganya.

Lita 150 si kosa. Kosa ni utupu. Nyoka mdogo kwenye uwanja mtupu anajiona yeye ndiye chakula. Funika pande tatu za kioo kwa karatasi nyeusi, jaza majani ya plastiki na vipande vya magome, kisha weka vificho viwili vinavyofanana, kimoja kila upande. Kikiwa kimoja tu, analazimika kuchagua kati ya kujificha na kupata joto, na atachagua kujificha hata kama chakula tumboni hakitameng'enyeka. Bakuli la plastiki lililopinduliwa na kutobolewa mlango wa sentimita 4 au 5 linatosha kabisa. Akijikunja ndani, mwili uguse kuta. Ukiona pamebaki nafasi ya ngumi mbili, hicho ni kikubwa mno kwake.

Unyevu hewa uwe asilimia 60 hadi 70, na uongezeke hadi 80 macho yakianza kuwa na ukungu wa samawati, maana anakaribia kujivua gamba. Nyumba zenu huko, hita za majira ya baridi zinakausha hewa vibaya sana. Tandika vipande vya makumbi ya nazi kina cha sentimita 5 hadi 8, umwage maji kwenye kona ili tabaka la chini liwe bichi na la juu libaki kavu. La juu likiloa siku zote, magamba ya tumbo yanaoza. Kifuniko cha wavu kizibe theluthi mbili kwa foili, ila sehemu ya chini ya hita ya kauri iache wazi. Maranda ya msonobari au mwerezi usitumie; mafuta yake yanamdhuru.

Siku saba za vipimo sahihi bila kumshika zikitimia, sasa panya. Uzito wa mlo ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, yaani kwako gramu 8 hadi 12, mara moja kwa wiki. Muulize aliyekuuzia alikuwa anampa nini: panya mdogo (mouse) au mtoto wa panya mkubwa (rat), hai au wa friza? Anza na hicho hicho alichozoea. Ila hata kama alizoea hai, hai sikushauri: panya aliyeachwa na nyoka asiye na njaa humtafuna nyoka.

Wa friza myeyushe kwenye friji usiku kucha, kisha mtie kwenye mfuko ndani ya maji ya nyuzi 40 mpaka awe na joto la mwili. Maikrowevu hapana, anapasuka. Dakika ya mwisho chovya kichwa chake kwenye maji moto zaidi na umkaushe; chatu ana vijishimo mdomoni vinavyohisi joto, na kichwa ndicho anacholenga. Taa zimezimwa, jioni, koleo la sentimita 30, msogeze kutoka mbele usawa wa sakafu, si kutoka juu kama mwewe. Akirudisha kichwa nyuma, acha. Mweke panya mlangoni pa kificho, uondoke. Asubuhi akiwa hajaguswa, tupa, na usijaribu tena mpaka wiki ipite. Kumbembeleza kila siku ndiko kunakorefusha mgomo.

Akila, usimshike kwa saa 48. Akitapika, subiri siku 10 hadi 14, kisha mpe mlo nusu ya ule.

Mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni, siku ile ile. Akishuka chini ya gramu 74, au ukisikia mluzi anapopumua, au mapovu mdomoni, mpeleke kwa daktari wa reptilia bila kungoja.

Kwa mlioko Kenya na Tanzania mnaofuatilia: chatu wetu wa porini ni mnyama mwingine, anaweza kupita mita 4, na kumfuga bila kibali cha mamlaka ya wanyamapori ni kosa.

Mkuu, ukishapima weka hapa joto la pande zote mbili, unyevu, na uzito wa wiki hii, tuone.