Kenge wa Bangkok na kenge wa Sahare

MUULIZE BWANA NYAMA

SWALI: Shikamoo Bwana Nyama. Mimi ni kijana wa Ngamiani, Tanga, kazi yangu ni vito. Mwezi uliopita nilipeleka mawe ya Umba Bangkok, nikapata chumba karibu na barabara ya Silom, kule wanakonunua vito. Asubuhi ya pili nikaingia bustani kubwa iitwayo Lumphini, ipo mwisho wa barabara hiyohiyo, nikakaa kwenye benchi kando ya ziwa ninywe chai. Nikaona kitu kinakata maji, nikadhani gogo. Kikapanda ukingoni na kupita hatua tatu tu kutoka nilipokaa: mjusi mrefu kuliko mimi, ulimi unaingia na kutoka. Nilipandisha miguu juu ya benchi, moyo unanienda mbio. Bibi mmoja aliyekuwa akifanya mazoezi akampita kama anavyompita paka. Mpaka naondoka nilikuwa nimehesabu saba. Wale ni mamba wadogo au ni kenge? Mbona wanaachwa katikati ya mji? Nauliza pia kwa sababu nyumbani kwa mama, Sahare, kuna kenge anakula mayai, na vijana wa mtaa wameapa kumuua. Niwaache?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ulimi ule uliouona ndio unaotoa jibu. Mamba hatoi ulimi nje, umeshikamana na sakafu ya kinywa chake. Mwenye kutoa ulimi mrefu wenye ncha mbili, akiurudisha na kuutoa tena, ni kenge. Ananusa kwa ulimi: anaokota harufu hewani na kuipeleka kwenye kiungo kilicho juu ya kinywa. Alipokupita alikuwa anapima kama hapo pana chakula. Hakukiona, akaenda zake.

Kenge yule si huyu wetu hasa, ni ndugu yake wa Asia. Wa kwetu wa majini wataalamu humwita kenge wa Mto Nile, naye huweza kupita mita 2. Yule wa kule humfikia na kumzidi, wamewahi kupimwa waliopita mita 3. Kwa uzito, mjusi anayemshinda duniani ni yule wa Komodo, Indonesia, basi. Kwa hiyo macho yako hayakukudanganya.

Kwa nini wapo mjini? Bustani ile ilianzishwa miaka ya 1920 na Mfalme Rama VI, ikapewa jina la Lumbini, mahali alipozaliwa Buddha kule Nepal. Ina zaidi ya ekari 140, na ziwa lake lilichimbwa kwa mikono ya watu. Bangkok ni mji wa mifereji, na kenge alikuwapo kwenye matope yale kabla ya maghorofa. Ziwani anapata samaki, kasa wa maji baridi, ndege na mizoga. Mamba wa kumla hayupo, na sheria ya Thailand inamlinda. Mnyama akipata chakula, maji na amani, atakosaje kunenepa?

Usidhani lakini kwamba wenyeji wote wanampenda. Jina lake kwa Kithai ni tusi zito, hata wengi huogopa kulitamka, wakamtafutia jina la kumpamba lenye maana ya fedha na dhahabu. Nilipolijua hilo niliguswa sana, maana na sisi tukitaka kumdhalilisha mtu tunamwita kenge. Mnyama mmoja, bahari mbili, na tusi ni lilelile. Mwaka 2016 wakuu wa mji waliona kenge wa bustani ile wamezidi, wakakadiriwa kufika 400, wakakamatwa kadhaa na kupelekwa kwenye kituo cha wanyamapori mkoani Ratchaburi. Waliobaki ndio hao saba uliowahesabu, pamoja na wenzao. Walipunguza, hawakumaliza, na mimi naona walifanya vyema.

Sasa tuje Sahare, maana hapo ndipo ninapoumia.

Mwaka 1984, nikiwa bado mgeni kazini, tuliitwa kijiji kimoja cha Muheza. Kenge ameingia banda la kuku. Mwenzangu, kwa haraka, akasimama mlangoni. Kosa ndilo hilo: banda lilikuwa na mlango mmoja, naye akawa ameuziba. Kenge akajivimbisha, akapuliza pumzi kama bomba la baiskeli, kisha nikasikia mlio wa fimbo ya mkwaju. Ulikuwa mkia. Ulimpiga mwenzangu kwenye muundi, akaenda chini, na alama ile alikaa nayo wiki mbili. Wanakijiji wakammaliza kenge kwa majembe kabla sijasema neno.

Nilimpasua mwenyewe, kwa kuwa nilitaka kuandika ripoti iliyo sahihi. Tumboni nilikuta vipande vya kaa, maganda ya konokono wakubwa wale wanaoharibu mboga, panya mzima asiyeanza kulainika, na ganda la yai. Ganda lilikuwa moja. Mwenye banda alikuwa amesimama pembeni yangu akiangalia, hakusema kitu, akaenda kuchukua chepe tumzike. Tangu siku ile sijawahi kumruhusu mtu amuue kenge mbele yangu kwa sababu ya mayai.

Siku ileile ndipo nilipomtazama kwa karibu. Ngozi yake ni kama shanga ndogo zilizopangwa na fundi, nyeusi na za rangi ya ndizi mbivu, na nyuma ya jicho kuna tundu la sikio lililo wazi. Tunasema sikio la kenge halisikii mpaka litoke damu. Anasikia, mwanangu. Ukikanyaga jani kavu kwa mbali keshajitupa majini.

Ukimuua kenge jike, huenda umeua na kizazi chake. Hutafuta kichuguu chenye mchwa hai mvua zikiwa zimekilainisha, hukichimba na kutaga humo mayai ishirini, pengine hata hamsini na zaidi. Mchwa huziba tundu kama wanavyoziba nyumba yao, na mayai hukaa kwenye joto lisilobadilika kwa miezi mingi. Mvua zikirudi, watoto hutoka, weusi wenye mistari ya manjano mikali. Wengi wao huishia tumboni mwa mwewe na nyoka. Na kule Pangani, kenge ni katika wanaofukua mayai ya mamba na kuyala. Hesabu mwenyewe faida hiyo.

Basi mwambie mama hivi. Kenge hutembea mchana, jua likishapanda, kwa hiyo mayai yaokotwe asubuhi na tena adhuhuri, yasilale kwenye kiota. Banda lizungushiwe waya wa kuku wenye matundu madogo, na waya ule uzikwe ardhini shubiri mbili, kwa kuwa kucha zake ni za kuchimba. Matumbo ya samaki yasimwagwe nyuma ya nyumba. Najua Sahare samaki hawakosi, na harufu ile ndiyo inayomtoa kwenye mikoko. Yafukieni, na mtaona anapungua kuja.

Akija mkiwa uani, watoto waingie ndani, mbwa afungwe, na mtu asisimame kati yake na maji. Mwachieni njia. Vijana nao waelezwe kwamba kumuua mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na ngozi yake ni nyara ya Serikali. Wakae nayo ndani wakidhani ni mali, watajikuta mahakamani. Ila ningependa siku moja wakae kimya kando ya mikoko wakati maji yanakupwa, wamwangalie anavyofukuza kaa. Mimi nitakuja nikae nao, wapange siku.

Nawe ukirudi Silom na mawe yako, usimtupie mkate wala nyama. Kenge anayelishwa na watu huanza kuwafuata, na huyo ndiye atakayekamatwa wa kwanza.

SWALI: Mwanangu alimshika kenge mdogo mkia, akaumwa kidole. Nilimfunga kamba mkononi kama aliyeumwa na nyoka. Nilikosea? Mama wa watoto wanne, Pongwe.

JIBU: Ulifanya kwa mapenzi, dada yangu, lakini kamba haifai, huzuia damu na inaweza kuharibu mkono. Kenge si swila. Hatari yake ni uchafu wa kinywa, maana hula mizoga. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda mrefu, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo kwa sindano ya pepopunda. Na mwombe daktari atazame vizuri kama hakuna jino lililobaki ndani.