Mti wa Mpakani: Je, Naweza Kuukata Bila Kibali?

SWALI: Ndugu Mhariri, kiwanjani kwangu kuna mti mkubwa uliosimama karibu kabisa na mpaka, na matawi yake yameelemea paa la jirani, ambaye ananitaka niuangushe kabla ya mvua. Kwa kuwa ni mali yangu, naweza kuukata bila kumwuliza mtu?

JIBU: Ndugu msomaji, usiukate kwanza. Kumiliki kiwanja si ruhusa ya kuangusha kila mti uliomo, kwa maana mahali pengi sheria hudai kibali kwa mti uliozidi unene fulani, ambao aghalabu hupimwa kwenye shina kiasi cha mita 1.3 kutoka ardhini, au kwa aina zinazolindwa, hata kama uliupanda kwa mkono wako. Uliza mamlaka ya eneo lako na upewe jibu la maandishi. Hakikisha pia mpaka unapita wapi, kwani ukipita katikati ya shina, nchi nyingi huuhesabu mti kuwa wenu wawili, na hapo hakuna mwenye haki ya kuuangusha peke yake.

Kabla hujaamua, nakusihi uukague mti wenyewe. Uzunguke polepole, ugonge shina kwa nyundo ya mbao usikilize kama linatoa sauti ya kitu kilicho tupu ndani, utazame kama uyoga umeota chini yake, kama udongo umeinuka upande mmoja, au kama pana ufa pale matawi makubwa yanapogawanyika. Ukikosa dalili hizo za uozo au udhaifu, huenda tatizo ni matawi tu, na kuangusha mti mzima kwa ajili ya matawi machache ni hasara inayoniuma kila ninapoiona. Mwite fundi ayapogoe, asiondoe zaidi ya robo ya matawi yenye majani, na kila tawi alikate nje kidogo ya uvimbe unaolizunguka linapoungana na shina, kwa sababu hapo ndipo jeraha hujifunga; akilikata sambamba na shina, uozo huingia ndani.

Ikiwa mti umeoza kweli na kibali umepata, usishike msumeno mwenyewe karibu na nyumba au nyaya za umeme. Viota vikaguliwe, watu wakae mbali kwa umbali usiopungua urefu wa mti mara mbili, na wewe na jirani mwandikiane mapema nani atamlipa fundi na nani atachukua magogo.